Filamu za dunia iliyoharibika zinatuhusu sana, lakini tiketi yake haitufikii

Mkazi wa Mwanga, Kigoma (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, jambo hili nimekaa nalo tangu katikati ya mwaka 2024, nilipokwenda Dar es Salaam kumsindikiza mama mdogo kwenye matibabu. Jioni moja mpwa wangu anayesoma chuo huko alinichukua twende kuona picha katika jumba la sinema lililomo ndani ya jengo la maduka. Picha yenyewe ilikuwa Furiosa, iliyoongozwa na George Miller, ambayo ni sehemu ya mfululizo wa Mad Max unaosimulia dunia iliyobaki jangwa baada ya watu kumalizana kwa ajili ya mafuta na maji. Kwa kuwa mimi ni mjomba, nisingekubali mtoto alipe. Tiketi mbili zilikuwa shilingi 30,000, bisi na soda shilingi 17,000, na bodaboda za kwenda na kurudi shilingi 8,000. Hiyo ni shilingi 55,000 kwa saa mbili na nusu, na bado sijaihesabu nauli ya kutoka Kigoma, ambako kwa njia ya reli ni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam.

Sisemi haya kwa kulalamikia fedha niliyoitoa kwa hiari yangu, kwa maana picha ilinishika kweli kweli. Katika picha iliyoitangulia, ya mwaka 2015, kuna mtawala anayeishi juu ya jabali na kuyamiliki maji yanayovutwa kutoka chini ya ardhi. Watu wa chini hukusanyika na vyombo vyao, naye huyafungulia maji kwa muda mfupi tu, kisha huyafunga na kuwaonya wasiyazoee. Jabali lile lile linarudi katika Furiosa. Nilipoliona kwenye skrini pana kiasi kile, sauti ikitikisa kiti nilichokalia, niliukumbuka utoto wangu hapa Mwanga, tulipokuwa tukiamka saa kumi alfajiri kupanga madumu kwenye foleni ya bomba, huku Ziwa Tanganyika, ambalo kwa kina ni la pili duniani, likionekana wazi kutoka pale pale tulipokuwa tumesimama. Aliyeshika ufunguo wa bomba ndiye aliyekuwa mkubwa wa mtaa. Alijua nani ana msiba, nani ana harusi na nani ana deni, nasi watoto tulimwamkia kwa heshima ambayo hata mjumbe wa nyumba kumi hakuipata.

Nikatazama pembeni. Ukumbini tulikuwa watu wasiozidi thelathini, wengi wao vijana waliovaa vizuri, wakila bisi. Sina kinyongo nao hata kidogo. Nilichojiuliza ni kwa nini hadithi inayohusu foleni ya maji inaonyeshwa mahali ambapo mtu aliyewahi kuipanga foleni hiyo hawezi kuingia.

Wataalamu wanaziita hadithi za namna hii distopia, yaani hadithi za jamii ya kubuni ambamo maisha yamegeuka mateso kwa sababu ya utawala, au kwa sababu ya uharibifu wa ardhi, au kwa sababu ya vyote viwili. Hoja yangu ni kwamba watazamaji wanaozifaa zaidi ni wale waliowahi kuishi sehemu ya mambo hayo, kwa sababu wao ndio wanaoweza kusema wapi mtunzi ameona sawasawa na wapi amekisia tu. Bei ya tiketi imewatoa watu hao kwenye mazungumzo. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, hasa tulioko huku magharibi.

Mtoto wa Stesheni, Tabora

Kaka, nakubaliana nawe nusu. Ulichosema juu ya watazamaji ni kweli, lakini unalilia jumba la sinema kana kwamba ndilo mahali pekee ambapo picha inaonwa. Mimi nimezaliwa katika nyumba za reli hapa Tabora, baba yangu alikuwa mfanyakazi wa karakana, na Snowpiercer niliiona kwenye kibanda umiza kwa shilingi 500, nikiwa nimebanwa kwenye benchi kati ya fundi baiskeli na mwuza asali.

Kwa asiyeifahamu, hiyo ni picha ya mwaka 2013 ya mwongozaji wa Korea Kusini, Bong Joon-ho. Dunia imeganda kwa baridi baada ya binadamu kunyunyiza angani dawa ya kupunguza joto, na waliosalia wote wamo ndani ya treni moja inayoizunguka dunia bila kusimama. Mabehewa ya mbele yana bustani, shule na mvinyo. Watu wa behewa la mwisho wanalishwa vipande vyeusi vinavyotengenezwa kwa wadudu, na watoto wao wadogo wanachukuliwa kwenda mbele bila maelezo. Watu wa nyuma wanaamua kupigana, behewa kwa behewa, mpaka kwenye injini.

Sasa fikirini picha hiyo ikionyeshwa Tabora, mji ambao reli ndiyo iliyoupa umbo. Hapa ndipo njia ya Mwanza inapoachana na njia ya Kigoma. Hapa ndipo tumeona kwa miaka mingi mabehewa yakikatwa na kupangwa upya usiku, na abiria wa daraja la tatu wakilala juu ya mizigo yao huku wa daraja la pili wakishusha pazia. Steringi alipofika kwenye injini na kugundua kwamba watoto wanaochukuliwa wanafanywa kuwa badala ya kipuri kilichokwisha, kwa sababu miili yao midogo inaingia pale ambapo chuma hakipo tena, kibanda kizima kilinyamaza. Kisha mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli akasema kwa sauti kwamba injini yoyote isiyopata vipuri hutafuta mtu wa kumla. Sijawahi kusoma maoni ya mhakiki yeyote yaliyonigusa kuliko maneno ya mzee yule.

Picha yenyewe ilikuwa imetafsiriwa, nalo nataka nilitetee. Tangu enzi za marehemu Lufufu, watafsiri wetu wanasimulia picha kwa Kiswahili juu ya sauti ya awali, wanaeleza, wanaongeza, na mara nyingine wanakosea. Wasomi wengi huwadharau. Lakini bila mtafsiri, wale watu hamsini tuliokuwa nao wangeona ngumi na barafu tu, na yule mzee asingekuwa na la kusema. Kwa hiyo wanaoijua foleni wanaziona picha hizi. Tatizo ni kwamba maoni yao yanaishia mlangoni mwa kibanda.

Mhudumu wa Zamani wa Projekta, Dar es Salaam (nyumbani Tabora)

Nitaongeza la kiufundi tu. Nimefanya kazi miaka mitatu katika jumba la sinema, na ningependa bei ya tiketi ieleweke kabla haijalaumiwa.

Zamani picha ilisafiri kwa mikanda mizito, na mkanda mmoja ungeweza kuzunguka mji hadi mji mpaka uchakae. Siku hizi picha inafika kwenye diski ikiwa imefungwa kwa siri, na inafunguliwa kwa ufunguo wa kidijitali unaotolewa kwa mashine moja mahususi na kwa tarehe mahususi. Tarehe ikipita, diski haifunguki tena. Mashine hizo ni ghali mno kununua na kutunza, na zinahitaji umeme usioyumba pamoja na ubaridi muda wote. Kila tiketi inapouzwa, karibu nusu ya fedha hurudi kwa wenye picha, na katika wiki za mwanzo sehemu yao huwa kubwa zaidi. Ndiyo maana bisi zinauzwa kwa bei ile, kwa kuwa fedha ya bisi hubaki kwa mwenye ukumbi.

Hata wenye picha hawako salama. Hiyo Furiosa iligharimu zaidi ya dola milioni 150 kuitengeneza, na duniani kote iliingiza kiasi kinachozidi kidogo tu dola milioni 170. Ukiondoa sehemu ya kumbi na gharama za matangazo, hesabu inaonyesha hasara. Mfumo huu haukubuniwa kwa ajili ya mji wa ukubwa wa Kigoma au Tabora, na sioni utakavyoshuka bei ukatufikia. Kama tunataka watu wa huko wakae pamoja mbele ya skrini kubwa, itabidi tuanze na picha nyingine na utaratibu mwingine.

Mwalimu Mstaafu, Kiloleni, Tabora

Wanangu, nimewasoma wote, nami nina mambo mawili. La kwanza nitalipitia haraka. Msidhani kwamba jumba la sinema lilikuwa daima la wenye nacho. Nilipoanza kufundisha katika miaka ya 1970, hapa Tabora tulikuwa tukienda kuona picha za Kihindi siku za Jumapili, na kulikuwa na viti vya mbele vya bei ndogo walivyokalia wapagazi wa sokoni, wanafunzi na wapishi, na viti vya nyuma vya bei kubwa. Wote tulilia kwa wimbo mmoja. Video zilipoingia majumbani katika miaka ya 1980, na baadaye televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kumbi zilipoteza watu mmoja mmoja mpaka zikageuzwa maghala na nyumba za ibada.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye kompyuta yake The Long Walk, picha ya mwaka 2025 ya Francis Lawrence, iliyotokana na riwaya ambayo Stephen King aliitoa mwaka 1979 kwa jina la Richard Bachman. Katika Marekani ya kubuni iliyo chini ya utawala wa kijeshi, vijana hamsini wanatembea barabarani bila kusimama. Mwendo wao usishuke chini ya maili tatu kwa saa. Anayepunguza anaonywa, na maonyo matatu yakiisha anapigwa risasi na askari walio pembeni. Anayebaki peke yake anapewa utajiri na kutimiziwa ombi lake. Nchi nzima inatazama.

Mjukuu wangu alisema mtunzi amebuni jambo la kutisha ambalo halijawahi kutokea. Nilimwomba asimamishe picha, tukatoka nje nikamwonyesha miembe ya kando ya njia ya zamani ya misafara. Nilimweleza kwamba njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita hapa hapa Unyanyembe, na kwamba Wanyamwezi, babu zake, walikuwa wapagazi mashuhuri walioibeba pembe ya ndovu mabegani kwa miezi, wengi wao kwa ujira na kwa fahari ya ujana wao. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo shingoni, na miongoni mwao aliyeshindwa kutembea aliachwa afe au aliuawa ili asiwacheleweshe wengine. Mtunzi wa Marekani aliweka bunduki na kamera. Hapa kwetu kulikuwa na mnyororo, na hapakuwa na zawadi mwishoni.

Nawaomba msinielewe vibaya. Picha ile ni nzuri, na urafiki unaochipuka kati ya vijana wale wanaotembea umenitoa machozi. Ninachopinga ni tabia ya kusema kwamba hadithi hizi ni za wakati ujao. Waandishi wetu walilijua hilo zamani. Fortunatus Kawegere alitupatia Shamba la Wanyama, kitabu cha Mwingereza George Orwell, kwa Kiswahili mwaka 1967, nasi tulikisoma tukiwa tunaijua kila sura ya mnyama. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vigumu ambavyo wanafunzi wangu walivikimbia mpaka tulipovisoma kwa sauti, polepole, kama watu wanaosikiliza ndoto ya mgonjwa. Naye Mkenya Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamtoa mtu aliyehukumiwa kifo katika nchi ya dhuluma na kumrusha kwa chombo cha angani hadi nchi ya haki. Litamkeni jina la nchi hiyo polepole nanyi mtasikia maneno matatu: wale ni sisi. Ningependa neno hilo liandikwe juu ya mlango wa kila kibanda umiza.

Mama wa Kasulu

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Mimi naishi Kasulu, wilaya ambayo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwapo tangu mwaka 1996. Mama yangu alivuka kutoka Burundi, baba yangu ni Muha wa hapa. Niliwahi kuona Children of Men ya mwaka 2006, inayoonyesha Uingereza ya mwaka 2027, ambamo hakuna mtoto aliyezaliwa kwa miaka kumi na minane na wakimbizi wanafungiwa kwenye vizimba kando ya stesheni. Watu walioandika juu yake walisifu namna kamera inavyokwenda muda mrefu bila kukatwa. Mimi niliiona mikoba. Kila mkimbizi katika picha ile amebeba kitu, na mtu wa kwetu anajua mara moja nani amefungasha kwa utulivu na nani amenyakua tu akakimbia. Aliyepanga mavazi na vyombo vya picha ile alitazama kwa makini, nami namheshimu kwa hilo.

Lakini picha ninayotaka muijue ni Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Ilipigwa Rwanda, lakini hadithi yake iko kwenye vilima vya Burundi, kwa wachimbaji wa koltani, madini yanayotiwa ndani ya simu hizi tunazoandikia. Mwanzoni kabisa kijana anapigwa mgodini hadi kufa kwa sababu alisimama kidogo na kulitazama jiwe alilolishika. Ndugu yake anakimbia, na huko porini kinaundwa kijiji cha watu wanaoingia kwenye mitambo ya dunia kwa nyimbo na ndoto. Wanazungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Niliposikia Kirundi kwenye picha ya namna ile niliinuka kwenye kiti. Kiha na Kirundi vinaelewana, kwa hiyo kwa watu wa mkoa huu hata mtafsiri hahitajiki sana. Dada zangu wa sokoni wangeielewa kuliko mtazamaji wa Paris anayesoma maandishi chini ya picha. Ila sijawahi kukutana na mtu yeyote hapa aliyeiona.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma

Mtoto wa Stesheni, umenirekebisha nami nimekubali. Nililia jengo, kumbe nilipaswa kulilia mazungumzo. Na wewe Mama wa Kasulu umenionyesha kwamba hata picha zilizotengenezwa jirani kabisa na sisi zinafika kwanza mbali.

Nina pendekezo, nami nimekwisha kulianza. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza mwaka 2009 picha fupi ya dakika ishirini na kitu iitwayo Pumzi. Miaka thelathini na mitano baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa miili yao, wanasafisha jasho na mkojo wao ili wanywe tena, na wanameza vidonge vya kuzuia ndoto. Mwanamke aitwaye Asha, anayetunza makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu ya zamani ndani yake, na anaponyimwa ruhusa ya kutoka anatoroka kwenda kuipanda jangwani. Mche ule anaunywesha jasho lake mwenyewe. Ukilinganisha na lile jabali la Furiosa, lenye gharama kubwa kiasi kile, utaona kwamba jambo ni lile lile, nani anashika maji, lakini hapa linaulizwa na mtu anayejua kwamba chupa moja inaweza kugawanywa mara nne.

Nataka tuionyeshe hapa Mwanga, ukutani, pamoja na hiyo Neptune Frost, bila kiingilio. Mhudumu wa Zamani wa Projekta amenikumbusha kwa ujumbe wa faragha kwamba picha haionyeshwi hadharani bila ridhaa ya wenye picha na bila kibali cha Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Barua kwa wenye picha zote mbili nimeshazituma. Projekta ya shule moja ya jirani tumeahidiwa, jenereta bado. Ukuta tunao, mweupe, wa ghala la samaki, na upepo wa ziwa ukivuma kutoka upande ule sauti inafika hadi barabarani. Nataka kila picha ikiisha taa iwashwe, kipaza sauti kipite kwa wanaotaka kusema, na maneno yao yaandikwe kama yalivyosemwa, kisha tuyaweke hapa.

Mtoto wa Stesheni, Tabora

Jenereta ninayo. Nitakuja nayo kwa treni, na nitakuwa daraja la tatu pamoja nayo. Nitamtafuta pia mzee yule wa reli.

Mama wa Kasulu

Kirundi nitakitafsiri mimi kwa wale watakaokihitaji. Mama yangu amesema atakuja na jirani zake watano, wote wa rika lake. Naomba jambo moja tu. Kile kipande cha mwanzo, kijana anapopigwa mgodini, sauti ipunguzwe kidogo, na kabla hakijaanza mtu asimame awaambie kinachokuja, ili anayetaka kwenda kusimama kando ya maji kwa dakika hizo aende, kisha aitwe arudi.